Mtungi Usiopimwa si Sadaka

Imeenea katika pwani yetu, hasa miongoni mwa wenye hoteli, na wageni waliokaa kwetu miaka mingi ambao sasa wanafunga mizigo kurejea makwao, na warithi wa watu waliokuwa na shauku ya kuzamia, rai moja ambayo sura yake ya nje ni njema mno hata mtu huona haya kuipinga. Husemwa kwamba vyombo vya kuzamia vilivyolala ghalani miaka ishirini au thelathini, yaani mitungi ya hewa, vipumulio, majaketi ya kuelea, geji na mikanda ya risasi, visitupwe wala visikatwe, bali wapewe wavuvi na wazamiaji wasio na uwezo. Kwa kuwa chuma ni chuma, na vya zamani viliundwa kwa uaminifu kuliko vya leo. Kwa kuwa mwenye haja hachagui. Na kwa kuwa kutupa kitu kizima ni israfu mbele ya Mola na mbele ya watu. Kauli hii nimeisikia kwa waungwana ninaowastahi, ikitolewa kwa nia isiyo na chembe ya hila, na kwa sababu hiyo hasa naiona kuwa ya hatari, maana jambo lililovikwa nguo ya hisani hupokewa kwa mikono miwili wala hapana anayesimama mlangoni kulihoji. Mimi nasema kwamba mtungi wa hewa uliokaa bila kupimwa, na kipumulio kilichokaa bila kufunguliwa na fundi, havifai kutolewa sadaka kwa mtu yeyote, seuze kwa mtu maskini; na dalili zangu ni hizi zifuatazo.

Yafaa kwanza tukumbuke chombo chenyewe ni nini. Tangu mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, na mhandisi Émile Gagnan walipouunganisha mtungi wa hewa iliyoshindiliwa na vali ambayo humpa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi na hujifunga kila aachapo kuvuta, msingi wa kazi haujabadilika. Mtungi wa alumini ulio mashuhuri kuliko yote, ambao Wamarekani huuita wa futi themanini, una nafasi ya lita 11 tu, lakini kwa kuwa hewa yake imeshindiliwa kufikia bari 207, yaani zaidi ya mara mia mbili ya shinikizo la hewa tunayoivuta hapa juu, hubeba lita 2,200 hivi za hewa. Hewa yenye nguvu hizo haiwezi kuingia kinywani mwa mwanadamu. Hupita kwanza katika chumba cha kwanza cha kipumulio, kilichokazwa juu ya koki ya mtungi, nacho huiteremsha hata ikafika bari tisa au kumi juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Kisha hupita katika bomba la mpira mpaka chumba cha pili kilicho kinywani, ambacho huisawazisha na shinikizo la maji ya pale alipo. Aliye kina cha mita 30 amezungukwa na shinikizo mara nne ya lile la juu, na kila pumzi yake hula hewa mara nne, hata mtungi ambao ukiuvuta umekaa ufukoni ungekutosha karibu saa mbili, huko chini haukufikishi nusu saa. Katika nusu saa hiyo uhai wa mtu umetundikwa kwenye ukuta wa madini, na springi, na kiwambo chembamba cha mpira, na pete ndogo ambazo mafundi huziita oringi. Wala katika vitu hivyo hapana kilichosalimika na uzee kwa sababu tu kilikuwa kimelala.

Wasemao chuma ni chuma hawajapata habari, au wameisahau, ya alumini iitwayo 6351. Huo ni mchanganyiko wa madini ambao kampuni ya Luxfer iliutumia huko Marekani kutengenezea mitungi ya kuzamia tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi mwaka 1988, ilipouacha ikahamia mchanganyiko mwingine uitwao 6061. Na kampuni ya Walter Kidde nayo iliutumia katika miaka hiyo hiyo. Mitungi ile ilikuwa mizuri ya kutazama, iliundwa na watu waliojua kazi yao, na ilifaulu majaribio yote ya siku zile. Aibu yake ilidhihiri baada ya miaka mingi kupita, ilipobainika kwamba madini yale, yakibebeshwa mzigo wa shinikizo kwa muda mrefu, huweza kuota nyufa shingoni, pale penye hesi za kukazia koki, na kwamba nyufa hizo hutambaa polepole hata mtungi usipotumika, ukiwa umesimama tu pembeni mwa ghala na hewa yake ndani. Mwenyewe haoni kitu. Rangi ni ile ile, koki inafunguka na kufunga, hewa haivuji, au huvuja kidogo sana ikadhaniwa ni oringi. Kisha siku moja, aghalabu wakati wa kujazwa, shingo hupasuka na mtungi wote hufumuka kwa kishindo kiwezacho kubomoa ukuta wa chumba. Insafu yanidai niseme kwamba mitungi iliyopasuka hivyo ni michache mno ukiilinganisha na wingi wa iliyotengenezwa; lakini wapo waliopoteza viungo, wapo waliopoteza maisha, na jambo lilikuwa zito kiasi cha serikali ya Marekani kuamuru, mwaka 2006, kwamba mitungi yote ya kuzamia ya 6351 ichunguzwe shingo kwa chombo cha umeme kiwezacho kuhisi ufa usioonekana, kila mara ipelekwapo kupimwa upya. Basi nauliza: mzamiaji wa kisiwani, aliyepewa mtungi wa mwaka 1984 na mtu anayesafiri kesho asubuhi, atakipata wapi chombo hicho?

Na ubaya zaidi ni kwamba mtungi wenyewe hausemi uongo, bali mtoaji ndiye asiyeusoma. Begani mwake yamegongwa maandishi: kwa mitungi ya Kimarekani, 3AL ni ya alumini na 3AA ni ya feleji, hufuata shinikizo la kazi, kisha namba ya mtungi, kisha mwezi na mwaka wa kupimwa mara ya kwanza, na baada ya hapo tarehe ya kila kipimo kilichofuata. Mtu mwenye miwani na kitambaa cha kufutia vumbi aweza kwa dakika chache kujua kwamba mtungi anaotaka kuutoa haujapimwa tangu mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Nimewaona watu wakiusafisha mtungi kwa sabuni, wakaung'arisha, wakaubandika na utepe wa zawadi, pasina kuyatazama maandishi yale.

Kuhusu mitungi ya feleji nawakubalia wapinzani wangu sehemu ya maneno yao. Ipo iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 ambayo hata leo hupimwa na kufaulu, na fundi mwenye kuiheshimu kazi yake hatauhukumu mtungi kwa umri wake peke yake. Lakini feleji ina adui wake, naye ni maji ya chumvi, ambayo huingia kidogo kidogo mzamiaji anapoimaliza hewa yote akiwa majini na koki ikabaki wazi. Kijiko kimoja cha maji hayo kikifungiwa ndani na hewa iliyoshindiliwa, kutu hufanya kazi mchana na usiku kwa kasi isiyojulikana katika hewa ya kawaida. Hula ukuta, na hula kitu kingine ambacho watu wengi hawakifikirii, yaani oksijeni. Kutu haizaliwi bila oksijeni, nayo huichukua katika hewa ile ile ambayo mtu atakuja kuivuta. Baada ya muda mtungi unaweza kuwa umejaa, geji ikaonyesha shinikizo la kupendeza, na ndani yake ikawa imebaki hewa isiyoweza kumweka mtu hai. Haina harufu wala ladha. Haimpi mtu hata ile dhiki ya kubanwa pumzi, kwa kuwa dhiki hiyo huletwa na kuzidi kwa hewa ya ukaa mwilini, na hewa ya ukaa hutoka kama kawaida. Huzimia bila onyo, na azimiaye chini ya maji hazinduki. Kwa hiyo yule asemaye kwa fahari kwamba mtungi wake umeishika hewa miaka yote hii bila kuvuja, na kwamba hiyo ndiyo ithibati ya uzima wake, anaitaja kwa fahari sababu ya kutosha ya kuimwaga hewa hiyo yote kabla mtu yeyote hajaigusa.

Hukumu ya mtungi hutolewa katika pipa la maji. Mtungi hujazwa maji, ambayo hayashindiliki na kwa hiyo hayalipuki kama hewa, ukazamishwa katika pipa lililofungwa, kisha shinikizo la ndani likapandishwa kupita lile la kazi. Kwa kanuni ya Marekani hufikishwa theluthi tano zake, na maji yanayosukumwa nje ya pipa hupimwa kuonyesha mtungi umetanuka kiasi gani. Shinikizo likiondolewa, mtungi mzima hurudi ulivyokuwa. Uliochoka hubaki umetanuka, na ukibaki zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mtanuko wote, hufutwa. Kanuni hiyo hutaka kipimo kila baada ya miaka mitano, na desturi ya wazamiaji huongeza ukaguzi wa ndani kwa taa kila mwaka. Hapana ugeni katika haya kwa watu wa pwani. Jahazi lililokaa juu ya magogo miaka kumi halishushwi majini kwa kuwa tu mbao zake ni za msaji na aliyeliunda alikuwa fundi mashuhuri. Hugongwa ubao baada ya ubao, hukalafatiwa upya, hupakwa deheni chini na sifa juu, na nahodha aliyethubutu kuwapakia watu kabla ya hayo angeulizwa na wazee wa mji. Sijui ni kwa nini akili hiyo, tuliyoirithi kwa vizazi, hututoka mara tuonapo chombo cha madini kilichotoka Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba majaribio hayo yote yatafanywa na kompresa: mtungi ukijazwa usipasuke, basi ni mzima. Kauli hii hainiudhi kwa ujinga wake kama inavyoniudhi kwa kumsahau mtu. Kompresa haijijazii. Yupo kijana aliyeinama karibu ya mtungi, katika banda la makuti, mkono wake juu ya koki, na yeye ndiye atakayekuwa kipimo. Hajui kwamba mtungi aliopokea umekaa miaka ishirini na tano, wala kwamba uliwahi kupakwa rangi mpya katika tanuri, na alumini iliyopashwa moto mkubwa hupoteza nguvu zake kabisa hata ikabidi mtungi ufutwe bila kujadiliwa. Hewa inaposhindiliwa mara mia mbili hukusanya nguvu ya kutisha, na nguvu hiyo ikifumuka haiulizi nani alikuwa na nia njema. Nayo kompresa yenyewe, ikiwa ni mojawapo ya vitu vya kale vinavyotolewa, ina shari yake: kichujio chake cha makaa na chembe za kunyonya unyevu hufa kwa kukaa, pete za pistoni hulegea, mafuta huingia katika hewa, na ikiwekwa karibu na moshi wa injini yake huivuta sumu ya moshi huo ikaishindilia mtungini. Sumu ambayo juu ingemletea mtu maumivu ya kichwa, huko chini huzidi nguvu kwa kila mita ashukayo.

Nije kwa kipumulio, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachowahadaa watu kuliko vyote, kwa kuwa hujaribiwa sebuleni. Mwenye nacho hukifunga mtungini, hufungua koki, huvuta pumzi mbili tatu, hupata hewa, kisha hutangaza kwamba kinafanya kazi kama siku kilipotoka dukani. Ndiyo, juu ya kiti kinafanya kazi. Lakini hewa ya mita 30 ni nzito mara nne, na kipumulio kinachotoa pumzi tatu za upole sebuleni hakijaulizwa bado kama kitaweza kumtosheleza mtu anayepiga mapezi dhidi ya mkondo huku akihema. Oringi zilizokaa miaka mingi zimekauka na kujikunja umbo; kiti cha vali ya shinikizo kubwa kimechimbika pale kilipokandamizwa na ukingo wake muda wote huo; bomba la mpira limeoza chini ya kifuniko chake karibu na hesi, mahali ambapo jicho halifiki; na kile kiulimi chembamba cha kutolea pumzi, kikishakakamaa, huacha kulala vizuri juu ya tundu lake, hata mtu akivuta hewa akavuta na maji. Hayo yote hutengenezeka, na wapo Ulaya na Marekani mafundi wanaovifufua hata vile vipumulio vya mabomba mawili vya miaka ya 1950 wakazamia navyo kwa salama, kwa kuwa vilitengenezwa kwa shaba iliyo bora na vipuri vyake vimeundwa upya na wapenzi wake. Siwapingi watu hao. Nawaheshimu, na laiti wangekuwa wengi. Lakini kinachokifufua kipumulio cha zamani ni vipuri, geji ya kupimia shinikizo la kati, na mkono wa mtu aliyefundishwa, na katika vitu hivyo vitatu hapana hata kimoja kinachotiwa ndani ya mkoba wa sadaka.

Majaketi ya kuelea sitayasema sana. Mfuko wake wa ndani hupasuka penye mikunjo, ukungu humea ndani yake, na kitufe cha kujazia hewa kikiganda kwa chumvi humjaza mtu hewa asiyoiomba na kumtupa juu kwa kasi. Mitungi ya zamani nayo huweza kuwa na koki yenye mkono wa akiba, iliyotumika kabla ya geji kuenea: hewa ilipokaribia kwisha pumzi ilikuwa nzito, mzamiaji akauvuta mkono ule akapewa hewa kidogo ya mwisho ya kumpandisha. Asiyejua maana ya mkono huo, au akiwa ameshuka nao ukiwa umekwisha vutwa, hujikuta hana akiba wala geji ya kumwonya.

Nimefika sasa kwenye hoja ambayo wapinzani wangu huiona kuwa ngome yao. Husema: mzamiaji huyu hana kitu, hata chombo kibovu kidogo ni bora kuliko kukosa, wewe unayezungumza habari za pipa la maji na vipuri, waweza kuzungumza kwa kuwa umeshiba. Naijibu kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yenye sura ya huruma, na ndiyo ya uongo kuliko zote.

Katika Unguja, na katika pwani ya kusini ya Kenya baina ya Gazi na Vanga, wamo wanaotafuta majongoo bahari kwa ajili ya soko la Uchina, baadhi yao kwa pumzi zao tu na baadhi kwa mitungi. Huyo azamiaye kwa pumzi yake ana walinzi wawili ambao hakuwaajiri. Wa kwanza ni hewa yenyewe: ameivuta hapa juu, maji huikandamiza anaposhuka, na anapopanda hurudi kadiri yake ile ile, hata mapafu yake hayawezi kupasuka kwa kupanda. Wa pili ni ufupi wa muda, ambao haumruhusu kunyonya naitrojeni nyingi mwilini. Kazi yake ina hatari, nami sizikanushi, lakini ni hatari alizozirithi kwa baba na babu pamoja na maarifa ya kuziepuka. Ajua kina chake, ajua masikio yake, ajua bamvua na maji mafu, na pumzi ikimwishia hupanda.

Mpe sasa mtungi. Pumzi moja aliyoivuta katika mita kumi ni mara mbili ya ile ambayo kifua chake kitaweza kuihifadhi atakapofika juu. Kipumulio kikimkatikia ghafula, silika aliyoijenga tangu utotoni, silika iliyomwokoa mara nyingi, itamwamrisha afunge koo na kupanda upesi. Na silika hiyo hiyo ndiyo itakayompasua mapafu na kupeleka mapovu ya hewa katika mishipa ya ubongo wake kwa muda mfupi kuliko wa kufunga nanga. Kipumulio kisipomkatikia, atakaa chini muda mrefu, kwa kuwa majongoo ya maji mafupi yamekwisha pungua na yaliyobaki yako kina, atarudi mara ya pili na ya tatu siku ile ile, na naitrojeni iliyoingia mwilini kwa shinikizo itatoka kwa mapovu katika viungo na uti wa mgongo. Ugonjwa huo huanza kwa maumivu ya bega au goti, na huweza kuishia kwa kupooza miguu na kuzuilika mkojo. Dawa yake ni chumba cha shinikizo, na vyumba hivyo katika pwani ya Afrika Mashariki ni vya kuhesabu kwa vidole. Mwenye mtungi wa kwanza, yule mgeni aliyeununua kwao, alikuwa na mafunzo, na majedwali ya muda na kina, na mwenzi wa kuzama naye, na bima ya kumpeleka hospitali kwa ndege. Mtungi haukuwa peke yake. Anapoutoa, hutoa madini tu, akabaki na hayo mengine yote. Kwa hiyo si kweli kwamba amemtoa maskini katika kukosa akamtia katika kupata kidogo. Amemtoa katika hatari anayoijua akamtia katika hatari asiyoijua, tena kwa chombo ambacho hata kwa ajuaye kingekuwa cha shaka.

Wala sisemi kwamba mvuvi wa pwani hastahiki kuzamia kwa mtungi. Astahiki sawasawa na mtu mwingine yeyote, kwa mtungi ulio sawasawa na wa mtu mwingine yeyote na kwa mafunzo yaliyo sawasawa. Ninachokikataa ni ule mgawanyo wa siri uliomo ndani ya rai hii, kwamba kuna kiwango cha usalama cha mwenye nacho na kiwango kingine cha asiye nacho. Mwulize mtoaji: je, u radhi kuuvuta mtungi huu wewe mwenyewe kesho, katika mita 30, au kumfungia mwanao mgongoni? Aghalabu atajibu kwamba yeye angenunua mwingine. Jibu hilo limekwisha kuuhukumu mtungi, na anachofanya baadaye ni kumtafutia hukumu hiyo mtu wa kuibeba.

Na israfu? Israfu ni kupoteza chenye manufaa. Mtungi uliofutwa una manufaa yake, nayo ni ya alumini na feleji zitakazoyeyushwa zikawa kitu kingine. Kuuita hewa ya mtu ni kuudai kisichomo. Mafundisho ya dini katika jambo hili yanajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni, kwamba sadaka hutolewa katika kilicho chema, wala mtu hakusudii kilicho kibaya katika mali yake akakitoa. Sioni namna ya kuyapatanisha mafundisho hayo na desturi ya kumaliza kusafisha stoo kwa kuipeleka kijijini.

Itakuwa dhuluma nikikataza bila kuonyesha la kufanya, nami naliona kuwa ni jepesi kuliko linavyofikiriwa. Risasi za mikanda hazizeeki. Mwenye kuzipata azamie nazo au aziyeyushe awe na chubwi za mishipi yake. Mapezi ambayo mpira wake haujapasuka, miwani ya kuzamia ambayo ukingo wake ni wa silikoni iliyo laini bado na kioo chake ni cha kutovunjika kwa vipande vyenye makali, mifuko ya wavu, taa, yote hayo yatolewe leo, kwa kuwa yakiharibika humrudisha mtu juu akiwa hai. Kwa mzamiaji wa pumzi, jozi njema ya mapezi na miwani isiyovuja ni zawadi kubwa kuliko mitungi mitano. Mtungi na kipumulio ni mlango mwingine. Mwenye kutaka kuvitoa avipeleke kwanza yeye, kwa gharama yake yeye, vikapimwe na kufunguliwa na mtu wa kazi hiyo. Vikifaulu, avitoe pamoja na hati ya kipimo na pamoja na ada ya mafunzo ya atakayepewa. Akiona kwamba gharama hiyo yazidi thamani ya vyombo, basi amekwisha kujua thamani ya vyombo, na afadhali atoe fedha. Vitu vya kale kweli kweli, kipumulio cha mabomba mawili, koki yenye mkono wa akiba, vina watu wao katika majumba ya makumbusho na katika vyama vya historia ya kuzamia vilivyoko Uingereza na Marekani, ambako vitatazamwa na kusimuliwa bila kumzamisha mtu.

Najua nitaambiwa mwishoni kwamba wazamiaji wasipopewa hivi watanunua vibovu kwingine. Kwingine huko ni wapi? Mitungi haioti miambani. Iliyomo mikononi mwa walanguzi leo ilitoka katika maghala kama haya, kwa mikono ya watu waliotaka kupunguza mizigo yao kabla ya safari, au iliokotwa jalalani ikiwa nzima. Mtungi mzima ulioachwa jalalani una bei. Atakayeuokota ataupaka rangi, atafuta tarehe kwa msasa, na baada ya mwezi utakuwa mgongoni mwa mtu. Kwa sababu hiyo nawataka wenye hoteli na wenye vituo vya kuzamia vinavyofungwa, na kila mrithi aliyeachiwa ghala, kwamba mtungi usiopimwa au uliokataliwa usitoke getini ukiwa mtungi. Koki ifunguliwe polepole mpaka hewa yote itoke, kisha ifunguliwe hesi iondolewe kabisa, na ikiwa imeganda asilazimishe mtu bali aitwe fundi; halafu, mtungi ukiwa mtupu na mdomo wake wazi, upigwe kekee ubavuni matundu mawili, tarehe na namba zake zifutwe kwa patasi, na ndipo muuza chuma chakavu aitwe kuuchukua kwa kilo.